Nilivyowapanga Waandishi Wangu kwa Umri

Leo nimevuliwa nguo mchana kweupe, mbele ya watu niliowaalika mwenyewe, wakinywa chai niliyoilipia mwenyewe.

Msiniulize nani amekufa. Hakuna aliyekufa. Ingekuwa afadhali, maana kwenye matanga mtu hupewa pole. Mimi nimepewa kimya.

Nawaandikia nyinyi wenzangu wa biashara ya vitabu mlioko Embu, Chuka na Nairobi, wale ambao tayari mna imeli. Mnanijua. (Kama kuna asiyenijua, hilo ni kosa lake.) Mimi ndiye yule Mutwiri aliyeanza kwa kuuza daftari juu ya gunia kando ya soko la Meru. Nikanunua mashine ya kurudufu iliyotupwa na shule, nikaitengeneza kwa waya wa ua, nikaanza kuchapa nyimbo za kwaya. Leo nina kampuni. Nina waandishi. Nina mlango wenye jina langu kwa rangi ya dhahabu. Darasa la nne sikulimaliza, lakini walimu wakuu wananisalimu wao kwanza.

Hayo yote nilijiambia asubuhi nikioga. Nayarudia hapa ili mjue nimeanguka kutoka urefu gani.

Sasa mambo yenyewe. Nimenunua kompyuta. Si ya kuandikia barua tu kama zile za wengine (mnajijua). Ndani yake kuna programu ya mrabaha, yaani lile fungu la mwandishi katika kila kitabu kinachouzwa. Zamani tulipiga hesabu hiyo kwa kadi na kalamu na ugomvi. Programu hii, ukishaiambia kila kitabu ni cha nani, inapiga hesabu yenyewe na kumchapia kila mwandishi karatasi yake. Yule aliyeniuzia aliniapia kwamba mwaka elfu mbili ukifika, siku ambayo watu wanasema kompyuta zote duniani zitapofuka, yangu itaendelea kuona.

Sikumuuliza kama inaona sasa.

Uzuri mwingine ni huu: huhitaji kuingiza vitabu kimoja kimoja. Unaandika vyote kwenye jedwali moja. Safu ya kwanza jina la kitabu, ya pili jina la mwandishi, halafu bei na mengineyo. Ukimaliza, unaliingiza jedwali zima kwa mkupuo, kama mtu anayemwaga gunia la maharagwe kwenye karai. Karani wangu, Kagendo, ndiye aliyechapa jedwali. Mimi nilikuwa nyuma yake nikisimamia. (Nilikuwa nakula njugu.)

Lakini haraka yote hiyo ilikuwa ya nini? Ilikuwa kwa ajili ya mtu mmoja.

Mwalimu Marigu wa Siakago. Mjane, mstaafu, mama asiyepandisha sauti. Ndiye aliyeandika *Tule Nini Kiangazi?*, kitabu cha mtama, mawele, kunde na ndengu, na jinsi mama anavyoweza kuwavusha watoto kwenye mwaka wa njaa. Vikundi vya akina mama vinakinunua kutoka Mbeere mpaka Tharaka. Bila kitabu hicho, ule mlango wangu wa dhahabu ningekuwa nimeshauchanja kuni.

Kabla hakijaja kwangu, kitabu hicho kilichapwa na watu wengine, wa mbali, ambao siku hizi hawako tena kwenye biashara. Kilipotoka, jalada lilikuwa na jina la mtu mwingine. Mkaguzi fulani wa shule. Mwalimu akafunga safari kwa nauli yake, wakamwambia ni kosa la mashine, angoje toleo la pili. Toleo la pili likatoka, jina ni lilelile. Watoto wa kwao wakakisoma darasani wakiambiwa kimeandikwa na mwanamume ambaye hajawahi kupalilia hata mstari mmoja wa kunde. Na Mwalimu ndiye aliyekuwa akiwafundisha.

Alipokuja kwangu nilimwambia, "Mwalimu, chini ya paa langu jina lako halitaguswa." Akaniangalia sana. Halafu akaniachia kitabu.

Sasa ameandika cha pili. Kinahusu namna mabibi zake walivyokuwa wakihifadhi nafaka isiliwe na wadudu, mambo ambayo wenye kuyajua wanaisha. Kampuni moja kubwa ya Nairobi imekisikia na inakitaka. Mwalimu akaniletea habari: atakuja Meru na mswada wake kwenye kiondo, aone kwanza hiyo mashine mpya inavyoyaweka majina ya watu. Akiridhika, ataniachia mswada hapohapo. Asiporidhika, ataendelea na safari mpaka Nairobi.

Mtu mwingine angemkaribisha ofisini, akamwonyesha, yakaisha. Lakini mimi ni Mutwiri. Nikakodi ukumbi mtaa wa Kaaga, hapahapa Meru. Nikaalika waandishi, wake zao, waume zao, wauza vitabu, na fundi wa viatu wa jirani yangu kwa sababu anapiga makofi vizuri.

Jana Kagendo akapata habari ya msiba Chogoria, shangazi yake. Alipokuwa akifunga ofisi alinionyesha kwa kidole.

"Mzee, jedwali liko tayari. Kesho bonyeza hapa, halafu hapa. Basi."

"Basi tu?"

"Basi tu. Na usipange kitu."

"Kagendo, mimi nimepanga maisha yangu mwenyewe kutoka kwenye gunia. Nitashindwa kupanga majina?"

Alinitazama kama mtu anayemwachia mbuzi ulinzi wa shamba la mahindi, akaenda kuzika.

Leo asubuhi nikafika ofisini mapema. Mnaijua baridi yetu ya Julai. Ukungu umekaa mpaka mlangoni, huoni hata duka la ng'ambo. Nikawasha kompyuta. Nikavaa miwani. Nikafungua jedwali.

Moyo ukanilipuka.

Kagendo alikuwa amepanga vitabu kwa alfabeti. Na kwa sababu hiyo, juu kabisa, karibu na kilele, alikuwepo Kirimi! Kirimi huyu ni mwalimu wa michezo, kijana wa juzi, bado anavaa suruali ya mazoezi hata harusini. Kitabu chake ni *Mpira ni Akili*. Na Mzee M'Ikiugu, mhubiri mstaafu, mtu ambaye hata chifu humpisha njiani, alikuwa wa mwisho kabisa, chini, kwenye sakafu ya jedwali, kwa kosa la kuandika kitabu kinachoitwa *Zamani za Nyambene*. Si hivyo tu. Juu yake kulikuwa na kitabu cha nguruwe! Mzee wa watu amelala chini ya nguruwe!

Nyinyi mnaijua desturi yetu. Mzee ndiye anayepewa kiti kwanza, nyama kwanza, neno kwanza. Huwezi kumwita kijana mbele ya mzee na ukategemea mzee atakunywa chai yako. Na karatasi zile zingechapwa kwa mpangilio wa jedwali, nami ningeziita zinavyotoka. Nikaona aibu inakuja kwa miguu yake mwenyewe. Nikasema, huyu Kagendo amesoma sana mpaka amesahau kwao.

Basi nikaokoa mambo.

Nilijua kukata na kubandika, maana nilimwona akifanya. Nikashika kile kipanya. Nikamkata Mzee M'Ikiugu pale chini, nikambandika juu. Nikamfuatisha Mwalimu Marigu. Halafu Ustadh Salim wa Majengo. Halafu Bwana Nyaga wa mifugo. Na wengine wote, rika kwa rika, mpaka chini kabisa, Kirimi na suruali yake. Pale ambapo sikuwa na hakika nani alitangulia kuzaliwa, niliwapigia simu wake zao. Mmoja alinikatia.

Nilipanga safu ya waandishi peke yake. Vitabu sikuvigusa. Kwani vitabu vina umri?

(Wale mlioelewa sasa hivi, nawasikia mkivuta pumzi. Mngekuwepo!)

Nikahifadhi. Nikabonyeza hapa, halafu hapa. Kompyuta ikanguruma kidogo, ikafikiri, halafu ikaniandikia kwa Kiingereza kwamba jedwali lote limeingia na hakuna kosa hata moja. Hakuna kosa hata moja! Nikaisoma mara ya pili, kwa sauti. Nikawatazama waandishi wangu kwenye kioo cha kompyuta, wamekaa kwa heshima, wazee juu, vijana chini, kama watu waliolelewa. Machozi yalinilengalenga. Nikasema, Mutwiri, mashine ilikuwa haijui adabu, umeifundisha.

Nikaenda nyumbani kuchukua blanketi la kufunikia kompyuta ndani ya pikapu. Mke wangu, Mama Kendi, alikuwa mlangoni.

"Hilo ni blanketi la wageni."

"Huyu ndiye mgeni."

"Umeijaribu hiyo kitu kabla ya kuita watu?"

"Mama Kendi, imesema yenyewe hakuna kosa."

"Hata wewe husema hivyo," akasema, akarudi jikoni.

Kaaga tukafika, mimi na mashine. Mvua ya rasharasha. Ukumbi ulikuwa baridi kama tumbo la chura, lakini watu walijaa. Chai ikamiminwa, mkate ukakatwa, nduma za kuchemsha zikapita. Mzee M'Ikiugu nikamweka kiti cha mbele chenye mto. Kirimi akapata benchi nyuma. Na Mwalimu Marigu akaingia, leso kichwani, sweta ya kijivu, kiondo mkononi. Juu ya kiondo nikaiona bahasha ya kaki, nene, imefungwa kwa uzi.

"Mwalimu, karibu sana. Safari ilikuwaje?"

"Ya baridi. Hiyo ndiyo mashine?"

"Ndiyo hiyo."

Akaizunguka. Akainama, akatazama nyuma yake, mahali pa nyaya. Akakaa na kiondo mapajani, mikono miwili juu yake.

Nikatoa hotuba. Sitawaficha, ilikuwa ndefu. Nilianza na lile gunia. Nikapita kwenye waya wa ua. Nikasema, "Kuna watu walisoma mpaka wakachoka, lakini majina ya waandishi wao yanapotea kama sindano. Kwangu mimi hakuna jina litakalopotea. Binadamu husahau, mashine haisahau. Hizi karatasi sijaziona. Nataka tuzione pamoja, na kila mtu asimame ajisomee yake kwa sauti, tusikie."

Makofi. Fundi wa viatu alifanya kazi yake.

Nikabonyeza. Printa ikalia kriiii, kriiii, mpaka watoto waliokuwa nje wakaja dirishani. Karatasi ya kwanza ikatoka. Nikaichana kwa mbwembwe.

"Mzee wetu M'Ikiugu!"

Mzee akainuka taratibu, akaipokea kwa mikono miwili, akaishika mbali, akaishika karibu.

"Miwani yangu nimeiacha nyumbani," akasema. "Lakini naona ni kazi safi. Mungu akubariki." Akaikunja, akaitia mfukoni. Makofi tena.

Mpaka sasa najiuliza: angekuwa na miwani, si ningeshtuka mapema? Lakini hapana. Mungu aliamua nipande mpaka juu kwanza.

"Mwalimu Marigu!"

Akaja. Akaisoma kimya. Akaisoma tena. Kisha akatabasamu kidogo, na tabasamu lake si la kila siku.

"Hapa naambiwa niliandika *Mpira ni Akili*."

Ukumbi ukacheka. Nyuma Kirimi akaruka kutoka kwenye benchi. "Mwalimu! Huo mpira ni wangu! Nipasie!"

"Nitakupasia," Mwalimu akasema. "Mimi na magoti haya nitaupeleka wapi?"

Watu wakacheka zaidi, na mimi nikacheka kuliko wote. Nikasema karatasi mbili zimeshikana, jambo dogo. (Jasho lilikuwa limeanza mgongoni, katika ile baridi.) Mwalimu akarudi kukaa. Lakini karatasi hakuikunja. Aliiweka juu ya bahasha yake akawa anaitazama, na lile tabasamu likaenda zake.

Nikaharakisha. "Ustadh Salim wetu kutoka Majengo!"

Ustadh ni mtu wa heshima. Kanzu nyeupe chini ya koti zito, kofia safi. Kitabu chake ni *Adabu za Mtoto*, na hata wasio wa dini yake wanakinunua. Akasimama katikati, akasafisha koo, akaanza kusoma kwa ile sauti yake nzuri ya darasani.

"Mwandishi: Ustadh Salim. Kitabu: *Nguruwe na...*"

Akaishusha karatasi.

Mvua ikasikika juu ya mabati.

"Bwana Mutwiri," akasema pole pole. "Njoo usome wewe."

Nikaenda. Nikasoma. Ilikuwa imeandikwa vizuri sana, wino mweusi tititi: *Nguruwe na Faida Yake*. Na chini yake hesabu ya nakala zilizouzwa. Zilikuwa nyingi. Nguruwe wanauzika.

"Ustadh, nisamehe. Hii ni mashine."

"Nimekaa Majengo tangu nizaliwe. Nikirudi na karatasi hii, nitaswali wapi?"

"Nitaichana."

"Ichane. Mimi hata kuikunja sitaki."

Mtu mmoja nyuma akaanza kucheka, akajiziba mdomo na mkate. Kisha mwingine. Kisha ukumbi wote ukapasuka. Hata Mzee M'Ikiugu alikuwa akimuuliza jirani yake, "Ni nini? Amesema nini?" na alipoambiwa akacheka mpaka mto ukaanguka. Ustadh mwenyewe, Mungu amlipe, alitikisa kichwa akasema, "Basi angalau msinipe na mapishi yake," watu wakalia machozi.

Kumbe pale pangenitosha! Ningezima mashine, tukacheka, tukanywa chai ya pili, kesho Kagendo akarudi. Ingekuwa hadithi ya kuchekesha tu, na ningewaandikia imeli fupi.

Lakini nilitaka kujiosha. Nilijua mwenye nguruwe halisi ni Bwana Nyaga, afisa wa mifugo mstaafu kutoka Embu, na ndiye aliyefuata kwa umri. Nikawaza, nikimwita Nyaga, atasimama, atasoma kitu cha maana, watu watasahau. Sikuwaza kwamba kama nguruwe wake wako kwa Ustadh, yeye lazima ana cha mtu mwingine. Kichwa kilikuwa kimeshapata moto.

"Bwana Nyaga! Wewe ndiye utakayetutoa aibu!"

Nyaga akaja akitingisha tumbo. Ni mtu mwema, asiye na ubaya, mwenye kupenda utani. Akaichukua karatasi, akaiinua juu kama mtu anayetangaza washindi.

"Mwandishi: Nyaga, mimi hapa! Kitabu: *Tule Nini Kiangazi?* Haya jamani, hata mimi sikumbuki kukiandika, lakini kama kimeuzwa hivi, nakipokea kwa mikono miwili!"

Akapiga saluti. Watu wakacheka na kupiga makofi. Fundi wa viatu alisimama kabisa.

Mimi sikucheka. Nilikuwa nimegeuka kumtazama Mwalimu Marigu.

Hakuwa amekasirika. Ningependa angekasirika. Alikuwa amekaa vilevile, mikono juu ya kiondo, akimtazama Nyaga, jina la Nyaga likiwa juu ya kitabu chake yeye na watu wakipiga makofi. Alikuwa na uso wa mtu anayesikiliza habari anayoijua.

Kicheko kikafa kidogo kidogo, maana baadhi yao wanajua yaliyompata zamani. Nyaga akashusha karatasi. "Mwalimu," akasema, "nilikuwa natania tu."

"Najua, Nyaga. Wewe huna kosa."

Akainuka. Akaichukua bahasha, akaisukuma ndani ya kiondo mpaka chini, chini ya leso nyingine na chupa ya chai. Akaifunika. Akamuaga Mzee M'Ikiugu kwa mkono, kama inavyotakiwa, na akatoka nje kwenye rasharasha.

Nikamfuata mbio mpaka langoni, bila koti.

"Mwalimu, ngoja. Ni mashine, Mwalimu!"

Akasimama. Hakugeuka haraka.

"Mutwiri, hata wale waliniambia ni mashine."

"Lakini hii ni kweli! Nilipanga majina upya. Nilipanga kwa mkono wangu, nikasahau vitabu. Vinarekebishika!"

"Kwa nini ulipanga?"

Nikamweleza. Kwamba Mzee M'Ikiugu alikuwa chini. Kwamba Kirimi alikuwa juu. Kwamba desturi ni desturi, na nilitaka kila mtu apewe heshima yake. Nilizungumza sana, mvua ikiniingia kwenye kola. Aliniacha nimalize. Walimu wa zamani hawakukatizi.

"Basi Mzee ulimpa heshima," akasema. "Na mimi ukanifanyaje?"

Wenzangu, mnanijua. Sijawahi kukosa neno. Niliwahi kumshinda kwa maneno askari wa kanjo aliyekuja kunifukuza sokoni, nikiwa na gunia mkononi. Leo nilishika kola iliyolowa nikaikung'uta.

"Kagendo akirudi kesho atayarudisha yote," nikasema mwisho. "Kwa muda wa kunywa kikombe cha chai. Nitakuletea karatasi mpaka Siakago."

"Najua utaileta. Wewe si mwizi, Mutwiri. Wale walikuwa wezi, wewe si mwizi." Akanigusa mkono, na mkono wake ulikuwa na joto kuliko wangu. "Lakini mimi nimezeeka. Sitaki tena kusikia kitabu changu kikisomwa na jina la mtu mwingine, hata kwa bahati mbaya, hata kwa nusu siku. Cha kwanza kaa nacho, ukirekebishe. Hiki cha pili nitakipeleka."

"Nairobi?"

"Nairobi."

"Na kama nao watakosea?"

"Wakikosea, sitakuwa nimekaa mbele nikiwapigia makofi."

Akavuta leso juu ya kichwa, akateremka barabara kuelekea stendi. Niliwaza kumpeleka kwa pikapu, lakini pikapu ilikuwa imezibwa na gari la mchuuzi wa mkate, na yule dereva alikuwa ndani ya ukumbi akimalizia kucheka. Nilipoipata nafasi ya kutoka, nikafika stendi, nikaambiwa mama mwenye kiondo alishaondoka.

Nikarudi Kaaga. Watu walikuwa wakitawanyika, kila mmoja akinipa mkono kwa ule upole wa kuudhi. Kirimi alikuja mwenyewe kunisaidia kubeba kompyuta, hakutania hata neno. Hapo ndipo nilipojua hali ni mbaya. Nikaifunika blanketi. Mama Kendi alipoliona limelowa, alilikamua. Akalitundika karibu na moto akaniwekea chai.

Nimejaribu kuinywa. Imepoa hapa kando nikiwaandikia kwa kidole kimoja.

Mafunzo? Mtanipa nyinyi, mliosoma. Mimi ninaloweza kusema ni kwamba jedwali halina wazee wala vijana, lina mistari, na mstari ukiuvunja, unavunja mtu.

Kesho Kagendo atarudi kutoka matangani. Nitampa pole ya shangazi yake, halafu yeye atanipa ya kwangu.

Na nyinyi wa Nairobi, ninawaomba jambo moja. Siku mtakapokiona hicho kitabu cha pili dukani, kimechapwa na hao wakubwa, kishikeni mkitazame jalada. Kama jina la Mwalimu Marigu limekaa pale juu, sawasawa, msinicheke. Ninunulieni kimoja, na mumwambie muuzaji ni cha rafiki yenu aliye mgonjwa.